Kambi ya watoto Ngezi: mahema yanavuja, lakini wapelekeni

Nianze na zipu, maana zipu ndiyo riziki yangu. Mimi fundi cherehani, hapa hapa Chake Chake, Pemba, na hema nililopewa nilale na wasichana 6 wa darasa la tano lilikuwa na zipu iliyokwisha kazi. Meno yamepishana, kichwa kikifika katikati kinagoma. Magharibi inaingia, mbu wameshajitambulisha, na kijana wa kambi ananiambia, "Mama, ivute taratibu tu." Mwanangu, mie nimevuta zipu miaka 19, hiyo haikuwa ya kuvutwa. Nikatoa kipande cha mshumaa mkobani, nikayapaka meno yake juu mpaka chini, nikaomba koleo kwa dereva wa basi nikakibana kile kichwa kidogo. Ikapanda. Hema la jirani halikusikia mshumaa wala koleo. Lile nililishona mlango kwa mkono nusu ya juu, nusu ya chini nikaiacha na pini mbili za shungi ili watoto waweze kutoka usiku.

Sasa nieleze tulikuwa wapi. Skuli ya binti yangu ilikodi kambi ya siku tatu, usiku mbili, likizo ya Disemba, kaskazini huku karibu na msitu wa Ngezi. Watoto 41, walimu 4, ustadhi mmoja, na kina mama wawili tulioombwa tuwasindikize wasichana. Shilingi 70,000 kwa kila mtoto: humo mna basi, chakula, kiingilio cha msituni na fulana. Jina la wenye kambi siliandiki. Malalamiko yangu wameshayapata kwa mdomo, na aliye na mtoto wa umri huo atafaidika zaidi kwa kujua maswali ya kuuliza kabla hajatoa pesa.

Bibi yake binti yangu, ambaye ni mama yangu mzazi, aliposikia tunalipa elfu sabini mtoto akalale porini, alicheka mpaka mkeka aliokuwa akiushona ukamtoka mapajani. "Ngezi? Mie Ngezi nilikuwa nafukuzwa!" Utoto wake ulikuwa wa kukata ukindu na kuokota kuni, na aliyemlipa kwa hilo hakuwapo. Na mimi kwa kweli nilikuwa upande wake. Nilikwenda kwa sababu mwalimu alinibembeleza.

Njia yenyewe ilianza kunibadilisha kidogo. Konde tulipita karafuu zimeanikwa majamvini pande zote, basi zima likanuka. Ukishaiacha Konde, barabara inaingia msituni ghafla: mwanga unapungua, joto linashuka, na watoto 41 waliokuwa wakipiga kelele tangu Chake wakanyamaza wenyewe, hakuna aliyewaambia. Kambi haimo ndani ya msitu. Ni shamba la minazi upande wa Makangale, na ukitembea kidogo unatokea pwani ya Vumawimbi.

Siku ya kwanza nusu yake ilikwenda kwenye michezo. Vijana wa kambi wana filimbi, kamba, matairi na maneno mengi ya kujiamini na kushirikiana. Watoto walicheka, sisemi hawakucheka. Lakini kuvuta kamba na kupita ndani ya tairi wangeweza kufanya kwenye kiwanja cha skuli bure.

Thamani ya ile elfu sabini ilianza alasiri, alipokuja mzee mmoja wa Makangale anayeongoza wageni msituni. Amevaa kanzu iliyopandishwa na makubadhi, hana filimbi. Watoto wakamwamkia, akawaita wanangu, akawapeleka pwani kwenye mchanga mbichi. Akachora mstari mrefu: "Hii Bara." Akaweka jiwe: "Hii Unguja." Kati yake na Bara akaburuta kisigino, mtaro wa kina cha kidole tu. Akaweka jiwe la pili: "Hii sisi." Hapo akapiga magoti, akachimba kwa mikono miwili mpaka viwiko vikazama. Kisha akamwaga ndoo ya maji, mtaro na shimo vyote vikajaa, ukitazama juu huwezi kujua kipi kirefu kwenda chini.

"Subirini," akasema.

Mchanga ukaanza kuyanywa yale maji. Mtaro wa Unguja ukakauka kwanza. Shimo la Pemba likabaki na maji chini, limezunguka jiwe. Akawaeleza kwamba zamani sana bahari ilishuka hivyo hivyo: Unguja ikashikana na Bara, wanyama wakapita kwa miguu, hata chui akapata njia. Pemba bahari yake ni mamia ya mita kwenda chini, haikukauka. Waliokuwa hapa wakabaki peke yao, wakageuka kuwa wa hapa. Ndiyo maana tuna ndege wanne ambao duniani hawapo kwengine: bundi wetu mdogo, ninga wetu, chozi wetu, na kale kadogo ka manjano kenye duara jeupe kuzunguka jicho. Na popo. Mwanafunzi mmoja akauliza mbona alisikia Ngezi mna kima punju, wale kima wekundu, na kima punju ni wa Unguja. Mzee akafurahi kama aliyelipwa. Akasema wale waliletwa na watu, miaka ya 1970, kutoka Unguja. Mie nina umri huu, nimezaliwa kisiwa hiki, nilikuwa sijui.

Popo wenyewe tuliwaona jua linazama. Wanatoka mmoja mmoja, halafu wengi, juu ya minazi, wakubwa kweli. Mbawa zikikunjuliwa zinakaribia mita 1.6, yaani ni kitambaa cha gauni la mtoto. Mzee akasimulia kwamba walikuwa wakiliwa, na kufika miaka ya 1990 walikaribia kwisha, mpaka watu walipokubali kuwalinda, na leo kijijini Kidike wageni wanakwenda kuwatazama. Mtoto mmoja wa mbele akauliza nyama yake ikoje. Ustadhi akakohoa. Mzee akamjibu, "Kamuulize babu yako."

Baada ya sala ya isha na chakula ukaja mwendo wa usiku, na kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kulipia, ningelipia hicho. Tuliingia ukingoni mwa msitu na tochi tatu tu zilizofungwa karatasi nyekundu. Mzee akatukalisha chini kwenye majani, akasema tochi zizimwe na asitokee mtu kunong'ona. Giza la Ngezi si giza la kukatika umeme. Nilinyanyua mkono wangu mbele ya uso, sikuuona. Muda ukapita, kisha upande wa kushoto kitu kikasema "hu". Mara moja tu. Kimya. "Hu." Ndiye bundi wa Pemba, hana wimbo mwengine. Binti yangu alikuwa ameegemea goti langu, nikamsikia anahesabu chini kwa chini: moja, mbili, tatu, nne, tano, "hu". Anaanza tena. Mtoto huyu nyumbani hakai kimya dakika mbili mfululizo, hata usingizini anazungumza.

Halafu komba akalia. Asiyewahi kumsikia ataapa ni mtoto mchanga ametupwa. Kuna mvulana aliyekuwa jemadari wa basi, ndiye aliyewatisha wenziwe njia nzima kwa hadithi za lile jini popobawa. Huyo alilikamata kanzu la ustadhi kwa mikono miwili na hakuliachia mpaka tuliporudi kambini. Simcheki. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeushika mkono wa mama mwenzangu.

Usiku ule ule, saa nane, mvua. Hapa narudi kwenye kazi yangu, na hapa najilaumu, kwa sababu mchana niliyaona mahema ya wavulana nikanyamaza. Mshono wa juu umepigwa mara moja tu, haukukunjwa, na ndani hakuna utepe uliogandishwa juu ya mshono. Kitambaa cha hema kiwe kizuri namna gani, maji hayapiti kwenye kitambaa, yanapita kwenye matundu ya sindano. Mvua ilipokaza kila tundu likatoa tone lake, mstari mzima, kama bomba la kumwagilia mchicha. Wavulana 19 walihamia banda la kulia chakula, wakalala majamvini wamebanana kama dagaa. Asubuhi tuliwatarajia wanune. Walikuwa wanaimba. Hadi leo ukiwauliza kambi ilikuwaje wanakuambia usiku wa banda. Lakini wenye kambi wasijipongeze kwa hilo, hilo halikuwa kwenye ratiba.

Lililoniudhi hasa ni la pwani, siku ya pili. Ratiba imeandikwa "kuogelea, saa tatu hadi saa sita". Vizuri. Tulipofika, wavulana wakaingia majini, wasichana 22 wakaambiwa wakae chini ya mivinje wangoje zamu yao, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba wasichana wa Pemba hawataoga pamoja na wavulana na makocha wanaume. Mtu anakuja Pemba kufungua kambi hajui hili? Wakangoja. Saa sita ikafika, chakula, adhuhuri, msituni, na zamu ya wasichana ikaja jioni, dakika kama 40, maji yamekwisha kutoka mbali na kila mtu anawaharakisha kwa sababu ya magharibi. Nilikwenda kwa msimamizi, nikamwambia kwa adabu kwamba binti yangu amelipa elfu sabini sawasawa na mvulana, hakulipa thuluthi. Akasema watalitazama. Suluhisho si gumu: pwani ya Vumawimbi ni ndefu haina mwisho, wagaweni, waleteni wanawake wawili wanaojua kuogelea.

Japo maji yale kutoka yalikuwa na faida yake. Wasichana wakapata vidimbwi ambavyo wavulana asubuhi hawakuviona. Viti vya pweza vyekundu, majongoo bahari, kaa wa kila namna. Mzee akawa anawaonyesha wageuze jiwe walitazame, kisha walirudishe vile vile lilivyokuwa, tumbo chini. Msichana mmoja alikanyaga miiba ya bahari. Sanduku la huduma ya kwanza lilipofunguliwa lilikuwa na plasta, mkasi na mkebe wa vicks. Mzee akaagiza papai bichi, akampaka utomvu wake, mtoto akaacha kulia. Sanduku la namna hiyo kwa watoto 41, hilo silisamehi. Ombeni kulifungua kabla basi halijaondoka.

Choo cha wasichana ni kimoja. Tangi la maji lilikauka asubuhi ya pili, tukachota kisimani kwa ndoo mpaka saa nne.

Chakula, usiku wa kwanza makaroni makavu yasiyo na ladha ya kitu chochote, na siku ya pili walipika wanawake wa kijijini: muhogo wa nazi, changu wa kukaanga, asubuhi boflo na chai ya tangawizi. Tofauti yake sina haja ya kuieleza.

Ndani ya msitu mchana tulikwenda njia ya wageni, mivule mirefu mpaka shingo inauma, mitambo ya zamani ya kupasulia mbao imelala inaota kutu. Kwenye sehemu ya majimaji mzee akausimamisha msafara mbele ya mti mmoja mfupi wenye makuti ya miiba, akauliza nani anaujua. Kimya. Watoto 41 wa Pemba. Binti yangu, ambaye analalia mkeka wa bibi yake kila siku ya Mungu, alisema ni mtende. Mzee akachana jani moja lililoanguka, akalisuka vidole vinne mbele yao, na hapo nikaona uso wa mtoto wangu unabadilika: "Mama, huu si ule wa bibi?" Ndio huo. Mkindu, unaotoa ukindu wa mikeka. Nilitaka kucheka, nikaona aibu, kwa sababu ni mimi niliyemlea baina ya duka na televisheni.

Siku ya mwisho tulikwenda Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa. Wa chuma, ngazi nyembamba zinazunguka ndani, watoto wanapanda wachache wachache. Sikupanda, miguu yangu haipendani na ngazi. Waliopanda walishuka wakisema wameuona msitu wote na bahari pande mbili.

Fulana ni ya rangi ya machungwa. Msiifue pamoja na sare ya skuli. Yangu nimeifua mara moja tu na shati jeupe la binti yangu sasa lina rangi ya juisi ya embe. Mshono wa bega umeachia wiki ya pili.

Mkiniuliza kama nitampeleka tena, nitampeleka, mradi aongoze yule mzee. Asipokuwapo yeye au mwenziwe wa pale pale, kaeni na pesa zenu, nendeni Ngezi wenyewe siku ya Jumapili. Na ulizeni habari ya vyoo, maji, dawa, na saa ngapi wasichana wataingia baharini.

Wiki iliyopita msimamizi alinipigia simu. Amesikia mimi ni fundi, anauliza kubadilisha zipu 6 na kuweka utepe kwenye mishono ya mahema 8 ni kiasi gani. Nikamtajia bei. Hajapiga tena.