Kutazama ndege Mwakirunge na yule kijana wa kutembeza watu: pesa yangu haikupotea

Jumamosi ilopita nlienda na wenzangu wanne kutazama ndege kule Mwakirunge, Kisauni hapa Mombasa, elfu mbili na mia tano kwa kichwa, asubuhi mpaka saa tano, na naandika kwa sababu kila nikisema watu wauliza kuna haja gani kulipa mtu akuonyeshe ndege walio barabarani bure. Haja iko.

Mwaka jana nlienda na kampuni moja, jina siweki. Walitupakia kwa vani wakasimamisha kando ya shamba la mtu, wakafungulia spika sauti za ndege ili ndege wajitokeze, hata salamu hawakutoa. Wenyeji wakalaza gogo barabarani, tukakaa pale saa nzima dereva apiga kelele ati barabara ni ya serikali. Sawa, barabara ni ya serikali, lakini darubini umeielekeza uani kwa mtu, mama amuogesha mwanawe! Ile aibu ninayo mpaka leo.

Huyu kijana alichelewa dakika arubaini, na nilimwambia, maana jua likishakuwa kali ndege wajificha. Lakini pale lami inapoishia alitushukisha akatupa masharti yake: hakuna kuvuka ua wa mtu, hakuna kupiga picha nyumba, na tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia darubini, haitoki kwa mkoba mpaka aseme yeye. Hiyo ya tripodi sikuielewa.

Kwa nyaya za stima tukawakuta keremkerem wekundu, wale wanaokuja pwani wakati wa kaskazi, jioni wakalale mikokoni. Mmoja akaruka, akadaka nyuki hewani, akarudi palepale akawa ampigapiga kwa waya upande huu na huu kumtoa mwiba kabla hajammeza. Wallahi nlisahau kupumua.

Mbele kidogo kuna minazi imejaa viota vya mnana, wale wa manjano kama dhahabu, dume limeng'ang'ania kuti achana uzi mrefu mwembamba arudi nao kusuka. Mwenzetu mmoja akasahau sharti akasimamisha tripodi na darubini kubwa juu yake. Haikupita dakika mbili mzee akatoka na panga mkononi, alikuwa afyeka. "Mwapima nini hapa?"

Ndo nikaelewa. Ile kitu kwa mbali ni mashine ya sorveya kabisa! Na huku kwetu pwani mtu anaweza kuzaliwa kwa shamba, azike babake hapo na hati hana, halafu siku moja waja watu na miguu mitatu na daftari, na baada yao tingatinga. Mzee ana haki ya kuuliza.

Kijana hakuanza na mambo ya barabara ya umma. Kwanza aliishusha tripodi yeye mwenyewe, akaenda akampa shikamoo, wakaongea Kigiriama kitambo, kisha akafungua kitabu cha picha akamuonyesha mnana. Mzee akasema hao awajua, ndo wanomchania makuti yake kila mwaka. Wakaangukia kwa kurabu, yaani kunguru, hapo wakawa kitu kimoja, maana kurabu hula mayai ya mnana na vifaranga vya kuku vya mzee vilevile. Mwisho mzee akaomba achungulie kwa darubini, akacheka, akatuangulia madafu, hamsini hamsini.

Kijana huyaandika yote kwa simu, yaingie Kenya Bird Map, ile ramani ya ndege iloanza 2013. Nchi imegawanywa miraba ya kilomita tisa hivi kwa tisa, na kwa mraba wa huku karibu kila pahali ni pa mtu, kwa hivyo barabara ndo njia yako. Ukigombana na wenyeji mraba umekufa.

Pahali sikukubaliana naye ni kwa lile ua refu la mawe. Askari wa getini alitufuata mpaka ng'ambo ya barabara, atutaka tufute picha, na picha zenyewe ni za mdiria juu ya nguzo ya stima! Kijana akatuhamisha bila neno. Nafahamu yeye atarudi huko wiki ijayo na mimi la, lakini yule mzee na panga alikuwa alinda kwake, huyu askari alikuwa atufukuza kwa barabara yetu sote. Hapo angesimama, kwa adabu, lakini angesimama.

Darubini ni mbili tu kwa watu watano, kwa hivyo ukiwa na yako beba. Choo amepanga na mama mmoja, shilingi ishirini, kisafi. Mahamri na mbaazi ya saa tatu imo kwa bei. Mpigie kabla ya Jumatano, siku za wikendi zajaa, na umuulize kama mtapita kwa mzee wa madafu. Sisi twarudi mwezi ujao na tumeshamwambia tripodi ibaki nyumbani.