Ringi za lori: kwaruza rangi kwanza ndo utoe hela

Wadau, mwezi uliopita nilinunua ringi sita za chuma za inchi 22.5 pale Gerezani, nyeusi tii zinang'aa, muuzaji ananiapia "mpya kabisa mama", kumbe za zamani zimepigwa rangi juu ya kutu. Semi ikatoka Dar na mzigo, kufika Mikumi dereva ananipigia, bosi nati za nyuma kushoto zinazunguka kwa mkono. Alishtuka alipoona michirizi ya kutu inashuka kutoka kwenye nati. Namshukuru Mungu hakuwa ameshafika mlima Kitonga.

Mambo ya matundu 10 ya stadi (zile bolti zinazoshika nati) na saizi mnayajua. Kitu ambacho hakuna anayeuliza ni unene wa rangi pale ringi inapokaa kwenye habu (kitovu kinachobeba gurudumu) na pale nati inapobana. Rangi ikiwa nene, ikipata joto na mzigo inasagika, inakonda, na nati uliyoikaza vizuri kabisa inabaki imelegea. Watengenezaji hawataki izidi kama milimita 0.09 hapo, unene wa karatasi tu! Chukua funguo ukwaruze, ikibanduka vipande vipande ondoka.

Kwangu namba moja ni ringi za aloi ya alumini za Alcoa, hasa aina yao ya Dura-Bright, na sibadilishi. Ule mng'ao sio rangi ya kupakwa juu, haubanduki, na kila ringi ni nyepesi kuliko ya chuma kwa kilo kumi na kitu, sasa zidisha kwa tairi 22 za semi uone kwenye mzani unapata nafasi kiasi gani. Ila ni nene, uliza kabisa kama stadi zako zinatosha. Kuosha ni maji na sabuni tu, vijana wa kuosha magari wasikumwagie asidi.

Namba mbili chuma yenye rangi ya unga ya kiwandani. Aloi ya kupolishi ni nzuri ila ukiacha kupolishi inafifia. Krome kwa hewa ya chumvi ya Dar hapana, ikipata katundu kadogo tu kutu inatembea chini kwa chini mpaka inabanduka. Za bei chee za kupakwa mtaani sina la kuongeza.

Wakati wa kufunga, sugua habu kwa brashi ya waya kwanza, kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), halafu simama Chalinze ukaze tena, msibishane na mimi kwenye hili.

Niliporudi dukani naambiwa fundi wangu hajui kukaza, mali ikitoka hairudi, na risiti haijaandika mpya wala mtumba. Halafu dereva wangu alipoulizia ringi zilezile akatajiwa bei ya chini kuliko niliyolipa mimi! Inauma sana. Zile sita ziko uani, nimezikwangua zote mpaka chuma, na mbili zina ufa kutoka tundu moja la stadi kwenda lingine, ulikuwa umefunikwa na rangi hiyohiyo.