Mashine ya povu la paa: nilivyonunua mara mbili

Mashine yangu ya kwanza ya kupulizia povu la kufunika paa niliinunua kwa kuangalia namba moja tu, kilo ngapi inapuliza kwa dakika. Ilikuwa imeshatumika, na muuzaji alinipulizia povu safi kabisa pale pale, hatua tatu kutoka mashine ilipo. Nikalipa. Sikujiuliza itakuwaje nikiwa juu ya paa, mbali na mashine.

Povu hili la poliyurethani hutokana na dawa mbili, isosianeti upande wa A na resini ya polioli upande wa B, zinazokutana ndani ya bastola ya kupulizia kwa kipimo sawa. Zote mbili lazima zifike zikiwa na moto wake na presha inayolingana. Sasa mashine inabaki chini kwenye gari, mpira unaopitisha dawa ndio unaopanda ukuta na kuvuka paa. Siku ya kwanza nilitandaza karibu mita 60, kumbe waya wa kupasha joto ndani ya mpira ulikuwa umekufa katikati. Dawa ya B ikapoa, ikawa nzito, ikaanza kufika kidogo kuliko mwenzake. Povu likatoka limekolea rangi, na nilipolibonyeza kwa kidole gumba likavunjika likawa unga. Tulilikwangua lote na kurudia kwa gharama yangu.

Mara ya pili nikaanza na maswali ya mpira, nikaja kwenye umeme, pampu ikawa ya mwisho. Nilichukua Reactor E-30 ya kampuni ya Graco. Inatoa hadi kilo 13.5 kwa dakika na presha hadi psi 2,000, lakini kilichonishawishi ni kwamba inakubali mpira wa hadi mita 94. E-20, mdogo wake, inaishia mita 64 na kilo 9, na kwa anayeanza na nyumba za chini inamtosha kabisa, asijikaze kununua kubwa. Joto la A, la B na la mpira unalipanga kila moja peke yake. Presha za pande mbili zikiachana sana, mashine inajizima yenyewe. Kama ya kwanza ingekuwa na hilo, nisingeharibu paa la mtu.

Ninalolalamikia ni umeme, maana inakula kweli kweli. Jenereta lazima iweze kubeba mashine, kompresa na kikausha hewa kwa wakati mmoja. Ukibana pesa hapo, volteji inashuka na hita zinashindwa kufikisha joto ulilopanga.

Unyevu nao ni adui. Isosianeti ikikutana na unyevu wa hewa inajenga chembe ngumu. Asubuhi moja pampu ya A iligoma. Nilipoifungua nikakuta chembe nyeupe zimeshika kwenye fimbo ya pistoni na sili, ile pete ya kuzuia kuvuja, imechanika. Tangu hapo pipa la A halikai bila kichujio cha kukausha hewa inayoingia, mafuta ya kulainishia pampu nayaangalia kila siku, na sizimi mashine kabla ya kuegesha pistoni chini, yaani kuishusha hadi mwisho. Kijana wangu wa pampu nimemfundisha hilo kabla ya kumfundisha kupuliza.

Bastola ninayotumia ni Fusion AP, inayojisafisha kwa hewa kila unapoachia kifyatulio. Nunua mbili. Dawa ya upande mmoja ikivukia upande wa pili inaganda humo humo, na huwezi kukaa juu ya paa unazibua tundu kwa keekee ndogo huku mpira umejaa dawa ya moto. Oringi (pete ndogo za mpira) na sili za pembeni ziwe mfukoni muda wote.

Bajeti yangu ya kwanza haikuwa na pampu ya pili ya kupulizia koti, yaani tabaka la silikoni au akriliki la kufunika povu, na bila koti jua linalila povu. Weka humo pia kofia ya kupumulia yenye bomba la hewa safi kwa kila anayepuliza. Hapo sikubali kujadiliana na mtu.

Ukienda kuiona mashine, iwe mpya au ya mkononi, mwambie muuzaji aunge mpira wote utakaoutumia kazini, autandaze, usubiri upate moto. Kisha puliza mfululizo dakika 20 huku ukitazama geji zote mbili za presha, ya A na ya B. Akikataa, mimi huondoka.