Kituo cha Mapungubwe: jicho la fundi mwashi

Mimi ni fundi mwashi, mzaliwa wa Kilwa, na safari ya Afrika Kusini ilinipeleka hadi Hifadhi ya Taifa ya Mapungubwe, palipokuwa na ufalme wa kale, pale mto Shashe unapoingia Limpopo. Nilitaka kuona kituo cha wageni kuliko tembo.

Kwa mbali sikuona jengo. Niliona marundo ya mawe kwenye mteremko, rangi ileile ya miamba inayolizunguka. Tulipokaribia ndipo nikatambua kuwa yale ndiyo mapaa, matao yaliyofunikwa mawe ya palepale.

Ndani nilisimama nikitazama juu mpaka shingo ikauma. Dari ni vigae vyembamba vya udongo, tabaka juu ya tabaka, mtindo wa mafundi wa Catalonia huko Uhispania. Tabaka la kwanza hushikwa na jipsamu inayokauka upesi, kwa hiyo hakuna haja ya msitu wa mbao na mirunda kama tunapomwaga zege. Tao likishafunga linajibeba kwa umbo lake, bila nondo. Vigae kama 200,000 vilishindiliwa hukohuko, kwa udongo wa eneo hilo uliotiwa saruji kidogo. Havikuchomwa, hakuna mti uliokatwa kwa ajili ya tanuri, na waliovifyatua ni wakazi wa jirani waliofundishwa kazi. Hili ndilo lililonigusa zaidi. Msanifu ni Peter Rich, na mwaka 2009 kazi hii ilitunukiwa kuwa Jengo Bora la Mwaka Duniani, mjini Barcelona. Ilistahili.

Nje jua linachoma. Chini ya matao yale mazito kuna ubaridi wa msikitini.

Maonyesho niliyapitia haraka, isipokuwa shanga za kioo. Zilivuka Bahari ya Hindi, zikapanda kutoka pwani, na dhahabu na pembe za ndovu zikashuka, miaka kama 800 iliyopita. Nikakumbuka kuba za matumbawe za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, nilizozitazama tangu utotoni bila kujiuliza zinasimamaje.

Mkienda, nendeni asubuhi, chukueni maji ya kutosha, na msipande kilima cha Mapungubwe, ulipokuwa mji wa kale, bila kuongozwa.

Mimi nimeshaanza kuchekecha udongo wa nyumbani. Nikipata mashine ya kushindilia, nitaanza na jiko la mama.