Kununua gari la Motability mkataba ukiisha: bei yenyewe haina shida, piga hesabu ya vinavyoondoka nalo

Tuanze na hukumu. Kununua gari ulilokuwa unalikodi kwa mpango wa Motability, unaowakodishia magari watu wenye ulemavu, ni njia nyepesi ya kupata gari lililotumika Uingereza, na bora zaidi ni kwamba tabia zake unazijua kuliko muuzaji yeyote wa yadi. Shida haiko kwenye mauzo. Iko kwa mnunuzi anayelinganisha bei aliyopewa na bei za mtandaoni, akasahau kwamba siku anapolipa, bima, servisi, matairi na huduma ya kuvutwa barabarani vyote vinakatika kwa mpigo.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Mkataba wa gari la kawaida ni miaka 3, wa gari lililotengenezwa kuingia kiti cha magurudumu ni miaka 5. Muda wote huo gari ni mali ya Motability Operations, kampuni inayoendesha mpango, wewe unalipia kwa sehemu ya kutembea ya PIP, yaani malipo ya serikali kwa mwenye ulemavu (au malipo mengine yanayolingana nayo), inayokwenda kwao moja kwa moja. Mkataba unapokaribia kuisha unaomba bei kwa simu au kupitia akaunti yako mtandaoni. Utaulizwa maili zilizopo kwenye dashibodi. Zisome siku hiyohiyo, usikadirie, maana bei inafuata maili na hali ya gari. Anayenunua si lazima awe wewe: ndugu, rafiki, au yule anayekuendesha anaweza kulichukua. Ukipewa bei, angalia kwanza tarehe yake ya mwisho.

Mambo mawili huwakera watu hapa. Bei haina mjadala, kwa hiyo ustadi wako wa Kariakoo uache nyumbani. La pili, pesa inatakiwa yote kwa pamoja. Hakuna awamu, na ukihitaji mkopo utautafuta benki mwenyewe, mapema, kabla ya tarehe ya kurudisha gari. Gari likisharudishwa, nafasi imepita: linaingia mfldirect, mnada wa mtandaoni ambako wenye yadi hununua, na ukilikuta tena litakuwa limeoshwa, limepigwa picha na kuongezewa faida ya mtu.

Anayelipwa Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo) asikimbilie kujaza akaunti. Akiba ikizidi pauni 6,000 malipo yanaanza kupungua, pauni 4.35 kwa mwezi kwa kila pauni 250 za ziada au sehemu yake, na ikizidi 16,000 yanakatika kabisa. Gari unalotumia mwenyewe halihesabiwi kama akiba. Pesa ya kulinunulia, ikiwa bado benki, inahesabiwa.

Je, bei uliyopewa ni nzuri? Tafuta namba mbili za kuiweka katikati. Ya kwanza ni bei ya magari kama lako kwenye Auto Trader, tovuti ya kuuzia magari: mwaka uleule, daraja lilelile, maili zisizopishana sana. Ya pili ni pesa ambayo kampuni za kununua haraka, mfano We Buy Any Car, zingekupa leo. Ukipewa bei iliyo karibu na hiyo ya pili, chukua. Ikiwa imesogea karibu na bei ya yadi, acha, kwa sababu yadi inakupa dhamana ya miezi kadhaa, inakufanyia MOT (ukaguzi wa lazima wa usalama wa gari), na muuzaji wake anaweza kupunguza ukimkazia. Hapa hupati hata kimoja kati ya hivyo.

Sasa pesa inayorudi kwako. Kwa kiwango cha 2025/26, PIP ya juu ya kutembea ilikuwa pauni 77.05 kwa wiki, yaani pauni 4,006.60 kwa wiki 52. Ukishaondoka kwenye mpango inaingia mfukoni mwako, na ndiyo itabeba gari. Toa bima kwanza, hiyo ndiyo mlaji mkubwa. Miaka uliyoendesha chini ya bima ya mpango haikujengei kwa njia ya kawaida punguzo la kutodai, lile la bima kushuka kwa kila mwaka usiodai fidia. Omba kampuni ya bima ya mpango ikupe barua ya historia yako ya madai, halafu ulizia kampuni kadhaa, maana zipo zinazoikubali na zipo zinazokuanzisha sifuri kama aliyepata leseni jana. Barua hiyo iombe kabla mkataba haujaisha. Kijana wa miaka 22 anayetaka kununua gari la mama yake apate bei ya bima kabla hata hajauliza bei ya gari.

Kodi ya gari nayo inawachanganya wengi. Chini ya mpango hukuwa unalipa, na msamaha huo hauhamii kwako wenyewe. Mwenye PIP ya juu ya kutembea anaweza kuomba msamaha upya, ila kadi ya gari iwe kwa jina lake au la dereva aliyemteua, na gari litumike kwa mahitaji yake. Ni gari moja tu kwa mtu mmoja. Kwa hiyo ukichukua gari jipya la Motability na mumeo akanunua la zamani, hilo la zamani linalipa: kiwango cha kawaida cha 2025/26 kilikuwa pauni 195 kwa mwaka. Gari la petroli au dizeli lililokuwa na bei ya zaidi ya pauni 40,000 likiwa jipya linaongezewa nyingine (pauni 425 kwa 2025/26) kila mwaka hadi mwaka wake wa 6. La umeme lililosajiliwa kabla ya Aprili 2025 halina nyongeza hiyo. Kumbuka pia kwamba bila V5C/2 (kipande cha kijani cha kadi ya gari anachopewa mmiliki mpya) au kadi yenyewe hutaweza kulipa kodi mtandaoni. Ukilipia gari Ijumaa jioni bila karatasi mkononi, ujue litalala mlangoni. Kadi ya buluu ya kuegesha haiguswi na haya yote, hiyo ni ya mtu, si ya gari.

MOT ya kwanza inadaiwa gari likitimiza miaka 3 (Ireland ya Kaskazini miaka 4), yaani karibu siku ileile mkataba wa gari la kawaida unapoisha. Ada yake ya juu kwa gari ni pauni 54.85. Gari la miaka 3 likianguka MOT, mara nyingi ni vitu vidogo: tairi, wipa, taa, pedi za breki. Hivyo vyote mpango ulikuwa ukivirekebisha, basi pita navyo mapema. Wiki 6 kabla ya mwisho pima kashata za tairi (kikomo cha sheria ni milimita 1.6), sikiliza breki, angalia kioo cha mbele kama kina ufa, na kama servisi imefika fanya. Hiyo si ujanja, ni matunzo ambayo mkataba unakutaka uyafanye.

Kinachoamua zaidi, kwa maoni yetu, ni dhamana ya kiwandani iliyobaki. Kia wanatoa miaka 7 au maili 100,000, MG miaka 7 au maili 80,000, Hyundai miaka 5 bila kikomo cha maili, na Toyota huongezewa kila servisi ikifanyika kwao hadi miaka 10 au maili 100,000. Gari la namna hiyo unalinunua likiwa bado na mlezi. Magari yenye dhamana ya miaka 3 tu yanaachwa yatima siku ileile unayolipa. Ya umeme, ulizia betri kando: dhamana ya miaka 8 au maili 100,000 ndiyo iliyozoeleka.

Halafu kuna injini ya PureTech 1.2 ya petroli, iliyojaa kwenye Peugeot, Citroën na Vauxhall. Mkanda wake wa taimingi unazunguka ndani ya oili. Oili isiyo sahihi au iliyokawia kubadilishwa, pamoja na petroli inayovujia humo kwa safari fupifupi, huulainisha mkanda. Unavimba, unamenyeka, na vipande vinaziba chujio la pampu ya oili. Taa ya oili ikiwaka hapo, au breki zikawa ngumu, umeshachelewa. Zima injini, iache ipoe, fungua kifuniko cha kujazia oili na umulike tochi: mkanda unauona pale chini. Ukiwa na nyufa mgongoni au kingo zenye nyuzinyuzi, gari lirudishe. Watengenezaji wameongeza dhamana ya tatizo hilo hadi miaka 10 au maili 112,000, kwa sharti servisi zimefuata ratiba, basi dai nakala ya rekodi za servisi kabla ya kulipa. PureTech mpya za haibridi zimebadilishiwa, zinatumia cheni.

Gari la kiti cha magurudumu lina hesabu yake peke yake, na hapo ndipo tunapoupigia debe ununuzi huu zaidi. Malipo ya awali ya kuchukua jipya yanaweza kufika maelfu ya pauni, wakati la zamani limeshakaa sawa na kiti chako. Jaribu rampu au lifti mara kadhaa ukiwa na uzito halisi juu yake, vuta mikanda ya kufungia kiti mpaka mwisho uone kama inarudi na kushika, na angalia kutu kwenye sakafu iliyoshushwa, hasa pale inapoungana na bodi. Fundi wa kawaida hagusi vitu hivyo, kwa hiyo kabla ya kulipa tafuta karakana inayovihudumia iliyo karibu nawe na uulize bei ya ukaguzi wa mwaka.