Kibanio cha ng'ombe: cha kununua kwanza na cha kuacha

Kibanio ni njia nyembamba yenye kuta na mlango mbele, ng'ombe anabanwa humo ili atibiwe. Muuzaji atakusifia unene wa bomba. Wewe muulize kwanza: ng'ombe akianza kurusha mateke, mtu anatokea wapi? Kibanio kisicho na kimlango cha pembeni, kile anachopitia daktari wa mifugo kufika nyuma ya mnyama, mimi sikinunui hata kiwe kizito namna gani.

Ninachokiweka namba moja ni cha chuma chenye ujia, yaani njia anayopita mnyama, unaoweza kupanuliwa na kupunguzwa. Ng'ombe mkubwa anataka upana wa sentimita 70 hivi. Ndama zinamtosha 45 hadi 50. Ukimwingiza ndama kwenye ujia wa mkubwa, atageuka katikati, na hapo ndipo miguu inapovunjika.

Namba mbili ni cha mbao, na kwa mwenye ng'ombe wa kimo kimoja kinatosha kabisa. Angalia mbao zimepigiliwa upande gani wa nguzo. Zikiwa ndani, mnyama akisukuma anazikandamiza kwenye nguzo. Zikiwa nje, anazing'oa na misumari yake. Nguzo zitiwe dawa na zizame ardhini sentimita 60 au zaidi.

Namba tatu ni fremu za kuhamishika. Zinamfaa anayehamahama au aliyekodi shamba, mradi zifungwe kwenye nguzo imara, la sivyo kundi litaondoka nazo. Seng'enge usiikubali kabisa.

Utasikia pia habari za ujia uliopinda wenye kuta zisizopenyeza macho, ambao Temple Grandin, mtaalamu wa tabia za mifugo wa Marekani, aliufanya ujulikane sana. Unafanya kazi kweli: ng'ombe hawaoni watu walio mbele, na wanadhani wanarudi walikotoka. Ila kona ikiwa kali mno wataona ukuta tu na kugoma kuingia. Kwa kundi dogo, ulionyooka unatosha.

Sehemu ya kukagua kwa makini kuliko zote ni mlango wa kubana shingo. Vyuma vilivyopinda hushika vizuri, lakini mnyama akipiga magoti vinaweza kubana mishipa ya shingo, akazimia na hata kufa. Chagua vilivyonyooka. Kisha mwambie mwenzako ausukume mlango kwa nguvu zake zote huku wewe ukijaribu kufungua komeo. Likigoma kwa msukumo wa mtu, ng'ombe akianguka hutamwokoa.

Sakafu iwe zege lenye mifereji midogo ya kuzuia kwato zisiteleze, kwa sababu ng'ombe anayeteleza hupagawa, na aliyepagawa hupanda mgongo wa aliye mbele yake.

La mwisho ni mti unaokingamishwa nyuma ya mnyama ili asirudi nyuma. Usukume ukiwa umesimama nje, na utazame mkono wako unapita wapi. Ukilazimika kuuingiza kati ya mti na ukuta, kiache kibanio hicho: ng'ombe akirudi nyuma ghafla, mfupa wa mkono hauponi.