Merikebu Mbili Ndani ya Barafu: Uhakiki wa Riwaya ya The Terror

Mwezi Mei 1845 merikebu mbili za jeshi la wanamaji la Uingereza, Erebus na Terror, ziling'oa nanga chini ya Sir John Franklin kwenda kutafuta njia ya bahari inayopita kaskazini mwa Amerika. Septemba 1846 zilinaswa na barafu karibu na Kisiwa cha King William, na kati ya watu 129 waliokuwamo hakurudi hata mmoja. Juu ya msiba huo wa kweli mwandishi Mmarekani Dan Simmons alijenga riwaya ya The Terror, iliyotoka mwaka 2007, akaongeza jambo ambalo kumbukumbu za historia hazina: dubwana jeupe la tangu kale, kubwa kuliko dubu yeyote, linalowavizia mabaharia gizani na kuwachukua mmoja mmoja.

Dubwana hilo linatisha, sikatai. Sura ambayo rubani wa barafu, Thomas Blanky, anaparamia mlingoti usiku wa dhoruba, nalo likapanda nyuma yake, niliisoma kwa mkao mmoja hadi chai ikapoa. Hata hivyo, kilichonikosesha usingizi ni makopo. Safari hiyo ilibeba maelfu ya makopo ya nyama, supu na mboga kutoka kwa mzabuni wa bei rahisi aliyeyatengeneza mbiombio, lehemu yake ya risasi ikiwa imepakwa ovyo, na Simmons anatuonyesha jinsi chakula kilichotegemewa kwa miaka kinavyofunguliwa na kukutwa kimeoza. Kisha kinaingia kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C: fizi zinavimba, meno yanalegea, na makovu ya zamani yanafumuka kana kwamba jeraha ni la jana. Chini kabisa, katika ngama, maiti wamehifadhiwa kwa kuwa ardhi haichimbiki, na panya wanasikika wakitafuna ubao wa chumba hicho. Mwandishi anayajua mambo ya merikebu kuanzia sitaha hadi makaa ya mawe, na ujuzi huo ndio unaomfanya msomaji aliamini hata lile asiloweza kuliamini.

Mhusika aliyechongwa vizuri zaidi ni nahodha Francis Crozier, Mwairishi mlevi anayejua kwamba ukubwa wa cheo ulipita kando yake kwa sababu ya asili yake. Siku anapotakiwa kuwasomea watu wake maandiko, anafungua kitabu cha mwanafalsafa Thomas Hobbes badala ya Biblia, na mabaharia wanasikiliza kwa utulivu.

Upande wa pili yupo Cornelius Hickey, msaidizi wa fundi kalafati (fundi wa kuziba nyufa za merikebu), ambaye uovu wake unalifunika hata lile dubwana. Hapa nina kinyongo kidogo na mwandishi, kwa sababu Hickey alikuwa mtu halisi katika orodha ya mabaharia, na hakuna ushahidi kwamba alitenda ubaya wowote kati ya haya anayobebeshwa. Marehemu hana wa kumtetea.

Kasoro nyingine ni mwanamke Mwinuiti, yaani wa wenyeji wa asili wa kaskazini hiyo ya barafu, ambaye mabaharia wanamwita Lady Silence kwa kuwa hana ulimi. Kwa mamia ya kurasa tunamwona kwa macho ya wanaume tu, tena macho yanayoishia kwenye mwili wake, na hekaya za watu wake, ambazo ndizo zinazoeleza dubwana lilikotoka, zimerundikwa mwishoni kama somo la darasani. Inasikitisha zaidi ukikumbuka kwamba mabaki ya Terror yalipatikana mwaka 2016 kutokana na maelezo ya Mwinuiti mmoja.

Kitabu kina kurasa zaidi ya 700, na safari ya mabaharia ya kukokota mashua juu ya changarawe, baada ya kuziacha merikebu, ingeweza kupunguzwa bila hasara. Anayetaka kukisoma ajue pia kwamba masimulizi hayafuati mpangilio wa wakati: yanaanza Oktoba 1847, yanarudi nyuma hadi 1845, kisha yanakutana katikati. Kwa hiyo usiruke kichwa cha sura. Kila kimoja kina jina la mhusika, tarehe, na vipimo vya latitudo na longitudo, na baada ya sura kadhaa utagundua kwamba tarehe inasogea, ilhali vipimo ni vilevile.